Mkaratusi Ulionipita Kimo

Kabla sijaingia shule niliamini, tena kwa moyo wote, kwamba mtoto akipanda mti, na mti ule ukampita kimo kabla hajaanza darasa la kwanza, basi mtoto huyo hakui tena. Anabaki hapo hapo alipofikia. Ataota ndevu, ataoa, atazeeka, lakini kichwa chake kitakuwa kinagota kwenye kitasa cha mlango mpaka siku anazikwa, na kaburi lake litakuwa fupi.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya jirani yangu mwenye mafua. Juzi alichemsha majani ya mkaratusi kwenye sufuria, akajifunika blanketi uani kwake akawa anajifukiza, na ule mvuke mkali ukaruka ukuta ukanikuta mie nimekaa na gazeti langu. Mtanicheka, lakini mkono wangu wa kulia ulipanda wenyewe, ukapita juu ya utosi, ukaenda kulitafuta sikio la kushoto. Ulilipata. Nikamshukuru Mungu, nikaendelea kusoma habari za mpira.

Ninyi mliozaliwa na vyeti vya kuzaliwa mkononi hamuwezi kuujua ule mtihani wa sikio. Wakati wetu watoto wengi hatukuwa na cheti. Tulizaliwa masika, au mwaka wa nzige, basi. Mwalimu mkuu angejuaje nani ametimiza umri? Alitupanga mstari, akatuamuru tupitishe mkono wa kulia juu ya kichwa tuguse sikio la kushoto. Ukiligusa, umekua, ingia darasani. Usipoligusa, rudi kwa mama yako ukanyonye. Mie nilikuwa nimejaribu mara ya kwanza nikaambulia nywele tu. Niliinamisha kichwa kidogo ili kulisaidia sikio lije, lakini mwalimu aliona. "Nyoosha shingo, kijana! Sikio halitembei!" Wenzangu wote wa rika langu wakaingia shule. Nikarudi nyumbani na kaptula mpya ambayo haikuwa na kazi tena.

Sie tulikaa Temeke ya pembeni, mahali ambapo siku zile mji ulikuwa unaishia na mihogo inaanzia. Wazee wetu wengi walitoka kusini, Newala na Masasi huko, wakafuata kazi za bandarini Kurasini. Baba alikuwa mpagazi wa magunia. Alikuwa mfupi, mpana, na jioni alirudi amepauka saruji mpaka kwenye kope, na kama mtaniruhusu niongeze chumvi kidogo, aliweza kubeba meli akaisogeza pembeni ikiwa inamzibia njia. Mama alilima mihogo kwenye kila kipande cha ardhi kisichokuwa na mwenyewe. Walikuwa wamezaa watoto watatu. Wawili waliotangulia sikuwaona, nikabaki mie.

Nyuma ya nyumba zetu kulikuwa na korongo. Kila masika mvua ilikuja ikalichimba, na kila lilipochimbwa lilisogea kwetu. Lilianza kwa kumeza choo cha jirani, likafuatia banda la kuku, halafu nguzo moja ya goli letu la mpira, ikawa timu inayocheza upande ule inafungwa bila ubishi. Mtu akilala usiku wa mvua alikuwa anausikia udongo unaanguka kule chini, pu! kama mtu anayetupa mizigo.

Nyumba iliyokuwa karibu zaidi na mdomo wa korongo ilikuwa ya Mzee Chipoka, balozi wetu wa nyumba kumi. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye filimbi shingoni kama refa, na filimbi ile tuliisikia kuliko tulivyosikia sauti yake. Akaipuliza siku moja, watu wakaja barazani kwake, akasema maneno ambayo baba aliyarudia nyumbani mpaka nikayashika:

"Ndugu zangu, serikali yetu ina kazi nyingi. Haiwezi kuja kutushikia udongo wa nyuma ya vyoo vyetu. Udongo huu tutaushika wenyewe."

Ndivyo ilivyoanza kazi ya kujitolea ya kila Jumamosi. Lori la mchanga lilileta miche kutoka kitalu cha Pugu, mikaratusi mitupu, kila mmoja ndani ya kopo la maziwa lililotobolewa chini. Wanaume walichimba mashimo kwenye ukingo wa korongo, wanawake wakateka maji, na sie watoto tukapewa kila mtu mche wake. Hiyo ilikuwa akili ya Mzee Chipoka. Alisema mti wa watu wote haumwagiliwi na mtu, lakini mti wa mtoto utamwagiliwa na mtoto, na asipoumwagilia, mama yake ataona aibu. Kila mmoja alifunga kitambaa chake kwenye kijiti cha pembeni ili asije akadai mti wa mwenzie. Mama alichana upindo wa khanga yake nyekundu akanifungia. Tukazungushia miiba kuzuia mbuzi, na Jumamosi ikifika Mzee Chipoka alipita na fimbo yake akipima: huu umefika goti, huu umefika kiuno, huu wa nani mbona umenyong'onyea kama bwana harusi aliyekataliwa?

Sasa, Zuhura. Huyu alikuwa binti wa jirani, darasa la tatu, meno ya mbele yamepishana, na sauti ya mtangazaji. Kila habari ya mtaa ilipitia kwake ikatoka imenenepa. Mie aliniita Njiti, kwa wembamba wangu. Alinikuta siku moja nauangalia mche wangu, mikono nyuma, kama mzee anayekagua shamba.

"Njiti, umesikia?"

"Nini?"

"Mti ukikupita kimo kabla hujaanza shule, basi tena. Unabaki hivyo hivyo."

"Mwongo!"

"Haya, mie mwongo. Imetangazwa redioni."

"Kipindi gani?"

"Cha wakulima. Wamesema mti na mtoto wakipandwa pamoja wanagombea kukua. Anayekula ndiye anayeshinda. Sasa wewe huli, mti wako unakula udongo mchana na usiku. Utaona!"

Nani angebishana na kipindi cha wakulima? Nilikwenda nikasimama kando ya mche wangu nikajipima. Ulinifika kifuani.

Lile la kutokula lilikuwa kweli. Wakati ule unga mweupe ulikuwa umeadimika, dukani kulikuja unga wa njano wa msaada, na hata huo ulitolewa kwa mgao, balozi akisimamia nani amepata na nani bado. Ugali wake ulikuwa na rangi nzuri ya kudanganya macho, lakini ulinuka gunia na safari ndefu ya meli. Mie niliukataa. Niliusukuma sahani na yote, Mama akausogeza, nikausukuma tena. Tulikuwa tunacheza bao, kasoro kete. Mama hakunipiga. Aliiangalia ile sahani kwa namna ambayo sikuielewa, halafu aliiangalia mikono yangu.

Tangu siku ile ya Zuhura, nilikula. Ndugu zangu, nilikula! Niliumega ugali ule kwa matonge kama ngumi ya bondia, nikameza kwa macho kufumbwa, nikaomba na ukoko. Mama alikuwa anasimama mlangoni na mwiko mkononi akinitazama kama mtu anayeangalia sinema. Nikimaliza, nilikimbilia korongoni kujipima.

Tatizo likawa maji. Mti usipopata maji utakufa, na mtoto ambaye mti wake umekufa alikuwa anaitwa mnyonyaji mbele ya baraza zima, jina baya kuliko matusi yote ya enzi ile. Ukipata maji, utakua, na ukikua utanipita. Nilitafakari sana kwa akili yangu ya wakati ule, nikapata suluhisho la kijamaa kabisa: kopo moja la maji kutoka kisimani, nusu yangu, nusu ya mti. Nilikunywa kwanza, nikafuta mdomo, nikaupa mwenzangu haki yake. Tulikwenda hivyo kiangazi kizima, sawa kwa sawa, asubuhi na jioni, na tumbo langu likilia chubwi chubwi nikitembea.

Lakini mkaratusi hauna adabu. Mvua za vuli zilipogusa tu ardhi, ule mti ulirefuka kama unaitwa. Ukanifika kidevuni. Ukanifika puani. Jumamosi moja Mzee Chipoka alipita na fimbo yake, akanisimamisha kando ya mti ili awaonyeshe watu, akacheka kwa furaha. "Tazameni! Hamisi na mti wake! Mti umemzidi kwa kichwa!"

Watu wakapiga makofi. Mie nilisikia kama natangaziwa msiba wangu mwenyewe.

Jioni ile nilisukuma sahani. Mama akaisogeza, nikaisukuma. Kesho yake vile vile. Nikila cha nini? Mashindano yamekwisha, mshindi amepigiwa makofi, na mwezi wa kwanza mwalimu mkuu atatupanga mstari, mkono wangu utaambulia nywele, na mwaka utakaofuata nywele, mpaka wajukuu wa Zuhura waingie shule waniache. Sikumwambia Mama sababu. Nililala mkekani nikageukia ukuta. Baba alileta ndizi moja kutoka Kurasini, ndizi ya kununua hasa, nayo nikaigeuzia mgongo. Nikakonda mpaka, nawaapia, jua likiwa utosini sikuwa na kivuli. Mama alikuwa anakuja ananishika mkono, anapima kifundo kwa vidole vyake, kidole gumba na cha kati, halafu anatoka nje anakaa kimya jikoni. Hakuwa mtu wa kukaa kimya.

Siku moja, asubuhi, Zuhura alikuja mbio.

"Njiti! Njiti, amka! Mti wako umekatika!"

Nilitoka nikiyumba. Kweli. Mkaratusi wangu, wenye kitambaa chekundu, ulikuwa umepoteza kichwa chote cha juu. Nilisimama kando yake, miguu pamoja, shingo imenyooka. Ulinifika begani. Begani! Sijui niliwezaje, maana nguvu sikuwa nazo, lakini nilirudi nyumbani nikikimbia, nikamwambia Mama maneno ambayo alikuwa ameyangoja:

"Mama, kuna kiporo?"

Alinipa. Nikala nimesimama. Mama akakaa chini kwenye kibao cha mbuzi, akajifunika uso na khanga, nikadhani moshi umemuingia machoni.

Furaha haikufika mchana. Filimbi ya Mzee Chipoka ililia, si ya Jumamosi, ilikuwa ndefu na ya hasira, na wote tukaitwa barazani. Alikuwa amekishika kile kichwa cha mti mkononi, majani yameshaanza kulegea, na harufu yake ilijaa baraza zima.

"Mti huu," alisema, "si wa mtoto huyu peke yake. Mti huu unashika nyumba zetu. Anayeukata amekata nyumba yangu, na akimaliza yangu anafuatia yako. Nataka kumjua. Nyumba itakayobainika, mgao wa unga utairuka. Nimesema."

Kurukwa na mgao wakati ule haikuwa mzaha. Dukani mtu angeweza kuuziwa tusi lakini si unga. Macho ya watu yakaanza kunijia mie, mwenye mti, na kutoka kwangu yakapanda kwa Mama.

Mama alikuwa ameketi mwishoni mwa mkeka, anachambua kisamvu mapajani. Hakuinua kichwa. "Labda mbuzi," alisema.

"Mbuzi wa nani?" Mama Zuhura aliruka kama ameungua, maana mbuzi mtaani alikuwa mmoja tu, beberu lake. "Semeni tu mnamtaka mbuzi wangu! Mbuzi wangu hagusi mkaratusi. Akiunusa tu anapiga chafya siku nzima!"

"Huyo mbuzi wako alikula shuka langu kambani," mtu akasema.

"Shuka lako lilikuwa na chumvi ya jasho, lazima limpendeze!"

Watu wakaangua kicheko. Mzee Chipoka akapuliza filimbi. Akakiinua kile kichwa cha mti akauonyesha mkato wake. Ulikuwa safi, wa mshazari, kama mtu anavyokata pingili ya muhogo ya kupanda. "Mbuzi gani huyu," aliuliza taratibu, "anayetembea na panga?"

Hapo ndipo Zuhura aliposimama. Aliweka mikono nyuma kama anayeimba shuleni. "Mzee, shikamoo. Mie nimemwona. Nilikuwa naenda kisimani alfajiri. Alisimama kwa miguu ya nyuma, akaushika mti kwa miguu ya mbele, akaung'ata hivi, kwa upande, kwa jino moja."

"Jino moja," akasema Mzee Chipoka.

"Moja tu, Mzee. La pembeni."

Mama Zuhura alimtazama bintiye kama anayemtazama nyoka ndani ya kapu la mboga. "Ngoja tufike nyumbani," alisema, si kwa sauti kubwa.

Mzee Chipoka alimwangalia Zuhura. Akamwangalia Mama, ambaye vidole vyake vilikuwa vimesimama juu ya kisamvu. Halafu akaniangalia mie, muda mrefu, mbavu zangu, magoti yangu, na mdomo wangu ambao bado ulikuwa na rangi ya njano ya kiporo. Akakipapasa kile kichwa cha mti kwa kidole gumba, pale kwenye mkato. Yeye pia alikuwa mtu wa kusini, alikuwa amekulia kwenye mihogo.

"Basi," alisema. "Mbuzi afungwe kamba. Kikao kimekwisha."

Mchana ule nilimwona peke yake korongoni, ameinama kwenye mti wangu, anaupaka udongo wa mfinyanzi juu ya jeraha, kwa uangalifu, kama anayemfunga mtoto kitambaa.

Nilikula mwezi mzima kama jeshi linalohama. Shule zilipofunguliwa nilipangwa mstarini, mwalimu mkuu akafika kwangu, nikanyoosha shingo kama twiga, mkono ukapanda, ukapita, ukashuka, ncha ya kidole cha kati ikagusa ncha ya sikio. Ikagusa! Mwalimu aliashiria kwa kidevu, ingia. Ilipofika Idi, beberu la Mama Zuhura likachinjwa, tukaletewa nyama kwenye bakuli. Nilimlilia yule mbuzi kwa uchungu wa kweli, maana aliniokoa, halafu nikamla kwa heshima zote.

Shule yenyewe niliiacha katikati nikakimbilia Kurasini kubeba mizigo kama baba, na nilikuja kuimalizia ukubwani, kwa masomo ya jioni, nikiwa nimejibana kwenye madawati ya watoto. Mie si mrefu. Mke wangu huniambia nikikaa dawatini ni kama nilitengenezewa. Lakini katika madarasa yale yote, hesabu, siasa, hata biolojia ambako mwalimu alituchorea mti na mizizi yake ubaoni, haikunijia kumtilia mashaka yule mbuzi. Mtu unaweza kuwa na cheti ukutani na mbuzi mwenye panga kichwani, vikakaa pamoja bila kugombana.

Korongo lilisimama. Nyumba ya Mzee Chipoka ipo, wajukuu zake wamepaka rangi. Mikaratusi imepanda ukingoni mirefu na iliyonyooka, isipokuwa mmoja, ambao kuanzia usawa wa bega la mtoto umegawanyika mashina mawili kama panda ya manati. Kila mgeni niliyempeleka kumwamkia Mama nilimwonyesha mti ule nikampa hadithi ya beberu, na kila mwaka beberu lile liliongezeka ukubwa.

Mara ya mwisho nilikwenda na mjukuu wangu. Mama sasa amezeeka, lakini bado anachambua kisamvu chake mwenyewe, hamuamini mtu. Mtoto akawekewa wali akausukuma. Nikaona hapa ndipo pahali pake. Nikamwambia, babu, ngoja nikusimulie habari ya mbuzi mmoja aliyekata mti kwa jino moja. Nikaanza, mikono inapaa. Nilikuwa nimefika pale mbuzi anaposimama kwa miguu ya nyuma.

"Mwacheni mbuzi wa watu apumzike," Mama alisema.

Nikageuka. "Mama?"

"Nasema mwacheni. Ulikuwa mwaka gani mbuzi alikata kitu mshazari?" Aliweka jani la kisamvu chini, akachukua jingine. "Mie ndiye niliyeukata ule mti, kwa panga la mihogo. Na yale ya redioni, mie ndiye niliyemtuma Zuhura akuambie, kwa sababu mie ulikuwa hunisikii, yeye ulikuwa unamsikia. Ulikuwa huli, Hamisi. Wenzio wawili walianza hivyo hivyo, kwa kusukuma sahani. Mti haukuwa na habari na wewe. Kimo hicho ni cha baba yako, hakuna aliyekiiba."